Ukitaka kumweleza mtu mageuko ya viumbe usianzie kwa nyani

Wengi wetu tunakosea hapa, tunaanzia kwa nyani. Ukishataja nyani tu mtu anaziba masikio, anakuuliza mbona wale wa Mikumi hawajawa watu mpaka leo, mara mko kwenye dini na mageuko yenyewe hayajaguswa. Mi nimebishana hivyo miaka na sikumwelewesha hata mmoja.

Anzia kwenye malaria, maana kila mtu imeshampitia. Muulize mtu mzima kama anakumbuka klorokwini, ile chungu iliyokuwa inawasha mwili mzima, atakumbuka tu. Mwambie Tanzania tuliiacha 2001 tukaenda kwenye SP (dawa nyingine ya malaria, wengi waliijua kama Fansidar), halafu 2006 tukahamia dawa mseto, sasa muulize ni kwanini, na usikimbilie kumjibu, mwache afikirie kwanza. Wengi watakwambia mwili ulishaizoea dawa. Hapo tulia nae taratibu kabisa, kwasababu somo lote liko hapo: sio mwili uliozoea, na wala hakuna kimelea cha malaria kilichojifunza kuvumilia dawa. Kwenye damu ya mgonjwa kuna vimelea kibao na havifanani vyote, vipo vichache vimezaliwa na katofauti kadogo ambako kanafanya dawa isiviue, sasa dawa inamaliza vile vingine, vinabaki hivyo vichache vinazaliana, mbu anavibeba kwa mtu mwingine, na mwingine, miaka ikienda nchi nzima imejaa uzao wao. Mageuko ndo hayo, na nyani hujamtaja bado.

Akishaelewa mpe mfano wa Malawi, wao waliacha klorokwini 1993, na ilipofika 2001 vimelea vinavyokufa kwa klorokwini vilikuwa vimerudi vimejaa tena, maana dawa ikishaondoka usugu unakuwa hauna faida. Huo mfano mi naupenda sana, mtu anauona mchakato ukienda mbele na kurudi.

Kama ana ndugu mwenye selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, ongea kwa upole, ila usiruke hiyo. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha 1954 kwamba aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu anapata kinga fulani dhidi ya malaria, ndo maana ipo zaidi kwenye maeneo yenye malaria nyingi. Kwahiyo na sisi binadamu tumo.

Swali la nyani litakuja tu. Mjibu kifamilia: binamu yako hakukuzaa, mnakutana kwa babu, na sisi na sokwe ni hivyohivyo, ila babu huyo ni wa miaka milioni 6 au 7 nyuma huko. Akisema imani yake inamkataza usiitukane imani yake, mwambie kuna nyayo za zamadamu (viumbe wa kale wa ukoo wa binadamu) waliotembea wima pale Laetoli, karibu na Ngorongoro, zina miaka zaidi ya milioni 3 na nusu, kisha umwache aulize mwenyewe.