Kabla ya Kuizunguka Jamhuri ya Dominika kwa Basi: Mambo ya Kuzingatia

Mtu wa Afrika Mashariki anayetamani kukizunguka kisiwa cha Karibi bila kukodi gari atafanya vyema kuanza na Jamhuri ya Dominika, kwa kuwa huko mabasi makubwa hutoka mji mkuu wa Santo Domingo kila siku kwenda kaskazini, mashariki na kusini-magharibi, na nauli ya safari ya saa nne ni peso mia kadhaa tu. Nchi hiyo imechukua upande wa mashariki wa kisiwa cha Hispaniola, takriban theluthi mbili ya ardhi yake, na upande wa magharibi ni Haiti. Barabara kuu ni nzuri kuliko wengi wanavyotarajia: ile iitwayo Autopista Duarte huunganisha Santo Domingo na Santiago, mji wa pili kwa ukubwa, kwa kilomita zisizopungua 150, na basi huzimaliza kwa takriban saa mbili na nusu. Kwa hiyo kinachomkwamisha mgeni mara nyingi si barabara. Ni mambo ambayo yangeweza kumalizwa kabla hajafika stendi, na ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa.

Jambo la kwanza ni jina lenyewe. Katika Kiswahili tumezoea kusema Dominika kwa nchi mbili tofauti, yaani hii jamhuri inayozungumza Kihispania na kile kisiwa kidogo cha Dominika kinachozungumza Kiingereza, kilichoko mashariki zaidi katika bahari ileile. Masharti ya kuingia katika nchi hizi mbili hayafanani, na tiketi ya ndege iliyokatwa kwa haraka inaweza kumpeleka mtu kusiko. Hakikisha tiketi yako imeandikwa Santo Domingo, Punta Cana, Puerto Plata au Santiago, na uulize ubalozi kuhusu viza kwa pasipoti uliyo nayo, si kwa pasipoti ya rafiki aliyekwenda mwaka jana.

Viza ya nchi unayokwenda haitoshi, kwa sababu hakuna ndege inayotoka Nairobi au Dar es Salaam moja kwa moja hadi kule, na kila uwanja unaobadilishia ndege una sheria zake. Marekani inamdai abiria anayehitaji viza awe nayo hata kama anapita tu, wala haina utaratibu wa kukaa ukumbini kusubiri ndege inayofuata. Katika nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, mwenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hudaiwa viza ya kupita uwanjani, ilhali Mtanzania au Mkenya anaweza kukuta masharti tofauti kulingana na nchi anayopitia. Beba pia kile kijitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu unatoka katika ukanda ambao maafisa wa afya wa viwanja vya ndege huutazama kwa makini. Kisha kuna fomu ya kielektroniki ya kuingia na kutoka nchini, ambayo hujazwa mtandaoni kwenye tovuti ya serikali na kukupa msimbo wa kuonyesha kwenye simu. Fomu hiyo ni ya bure. Zipo tovuti za watu binafsi zinazofanana nayo na kudai dola kadhaa, na wanaozilipa ni wale wanaoijaza usiku wa kuamkia safari wakiwa wamechoka.

Sasa nije kwenye suala ambalo miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya watalii wa Ulaya huligusa kwa sentensi moja, na ambalo kwa msomaji mweusi lina uzito mkubwa. Serikali ya Jamhuri ya Dominika imekuwa ikiwafukuza Wahaiti wasio na vibali kwa wingi, na mnamo Oktoba 2024 ilitangaza kwamba ingewarudisha hadi watu 10,000 kwa wiki. Utekelezaji wake unaonekana ndani ya mabasi, hasa yanayotoka Dajabón, Monte Cristi na maeneo mengine yaliyo karibu na mpaka. Gari husimamishwa kwenye kizuizi, askari mmoja hupanda kwa mlango wa mbele na kutembea polepole katikati ya viti akitazama nyuso, na anaposimama kando ya abiria husema neno moja tu, documentos, yaani nyaraka. Wale anaowapita bila kuwauliza kitu na wale anaowasimamia, mara nyingi tofauti yao ni rangi ya ngozi. Novemba 2022 Ubalozi wa Marekani mjini Santo Domingo uliwatahadharisha raia wake, hasa weusi, kwamba wanaweza kuzuiwa katika misako hiyo. Ikiwa mwenye pasipoti ya Marekani alipewa tahadhari ya namna hiyo, mwenye pasipoti ya Uganda au Burundi ana sababu zaidi ya kujiandaa.

Kujiandaa kwenyewe si kugumu. Safiri na pasipoti halisi, si nakala peke yake, na iwe mwilini au kwenye mkoba ulio mapajani mwako, kamwe isiwe kwenye begi lililowekwa kwenye buti la basi, kwa sababu askari hatangoja dereva ashuke kulifungua. Weka pamoja nayo karatasi iliyochapishwa inayoonyesha tiketi yako ya kurudi na mahali utakapolala, maana simu huisha chaji na mtandao hukatika. Jifunze kusema kwa Kihispania unatoka nchi gani na kwamba wewe ni mtalii: soy turista, soy de Kenia, au soy de Tanzania. Sauti ya utulivu na pasipoti iliyofunguliwa kwenye ukurasa wenye mhuri wa kuingia humaliza mazungumzo mengi ndani ya dakika moja. Wala usipange kuvuka kwenda Haiti kwa basi. Septemba 2023 mpaka wote ulifungwa kwa ajili ya mgogoro wa mfereji kwenye Mto Massacre ulioko mpakani, na ingawa biashara ilirejea baadaye, hali ya usalama upande wa pili haimruhusu mgeni kujaribu.

Linalofuata ni stendi. Aliyezoea miji yenye kituo kimoja kikuu cha mabasi ya mikoani, kama Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, atashangaa kukuta kwamba Santo Domingo kila kampuni ina jengo lake katika mtaa wake. Caribe Tours, yenye njia nyingi za kaskazini na za kusini-magharibi, iko Barabara ya 27 de Febrero kwenye kona ya Leopoldo Navarro. Metro, ambayo mabasi yake huenda Santiago na Puerto Plata, iko karibu na Barabara ya Winston Churchill. Wanaokwenda Bávaro na Punta Cana hutumia Expreso Bávaro, na kituo chake ni kingine tena. Magari madogo ya miji mingi hukusanyika kandokando ya bustani ya Parque Enriquillo, mahali penye msongamano na wapiga debe ambapo mkono mmoja lazima uwe kwenye mkoba. Jihadhari zaidi na neno Metro, kwa sababu tangu 2009 mji huo una treni ya chini ya ardhi inayoitwa Metro vilevile, na dereva wa teksi aliyeambiwa neno hilo peke yake anaweza kukushusha kwenye kituo cha treni ukiwa na begi la kilo 20 na dakika 15 za kuwahi basi. Andika anwani kamili kwenye karatasi, jina la barabara na kona yake, kisha umwonyeshe.

Njia karibu zote hupitia mji mkuu. Anayetaka kutoka Puerto Plata kwenda Punta Cana kwa mabasi ya kawaida hulazimika kushuka Santo Domingo, kuhama stendi moja kwenda nyingine katikati ya foleni, na kupanda gari la kampuni nyingine. Puerto Plata hadi Santo Domingo ni kama saa nne, na Santo Domingo hadi Punta Cana ni takriban saa tatu, lakini mimi nisingepanga safari hiyo kwa siku moja bila kuacha nafasi ya saa mbili katikati, au kulala Santo Domingo kabisa. Kwenda Samaná kumekuwa kwepesi tangu barabara ya kaskazini-mashariki ilipofunguliwa mwaka 2008, na sasa basi hufika kwa saa mbili na nusu au tatu.

Kila unapofika mji, kabla hujatoka stendi, uliza saa ya gari la mwisho la kurudi. Kwa baadhi ya njia za milimani, kama ya Jarabacoa, gari hilo linaweza kuondoka saa kumi au kumi na moja jioni. Sisi tuliozoea jua linalozama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima tukumbuke kwamba kule huzama karibu saa kumi na mbili mwezi Desemba na karibu saa moja na robo mwezi Juni, kwa hiyo mwanga si kipimo cha kuaminika. Unapotafsiri saa ya kwenye tiketi kwenda saa zetu, iandike chini. Nchi hiyo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa saba, na akili iliyochoka na ndege hukosea kwa urahisi. Neno jingine la kuchunga ni ahorita. Mdominika akikuambia gari linakuja ahorita, ana maana ya baadaye, pengine baadaye sana.

Safiri mchana. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 ilikadiria vifo 34.6 vya ajali za barabarani kwa kila watu 100,000 nchini humo, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani, na pikipiki zina sehemu kubwa katika vifo hivyo. Hili linahusu pia motoconcho, ambazo ni bodaboda kwa kila hali isipokuwa jina, na ambazo utazikuta zikikusubiri kila stendi. Kwa umbali mfupi ndani ya mji mdogo ni usafiri unaofaa, lakini mapatano ya bei yafanywe kabla ya kupanda, na begi kubwa lisipakatwe mbele ya dereva. Yale magari madogo yaitwayo guagua yatamjulisha msafiri wa matatu au daladala kwamba yuko nyumbani: kondakta huning'inia mlangoni akiita majina ya miji, kiti kidogo hukunjuliwa kwenye njia ya katikati, na safu ya watu wanne hukaliwa na watano. Yanafaa kwa mwendo wa saa moja. Kwa safari ndefu ukiwa na mizigo, lipa zaidi upate basi kubwa ambalo begi huwekewa kibandiko chenye namba, na ukitunze kile kipande unachopewa.

Ndani ya mabasi hayo makubwa kuna baridi kali, kwa maana madereva hufungua kipoza hewa hadi mwisho na abiria wa huko hupanda wakiwa na sweta ingawa nje ni nyuzi 32. Mwenye mtoto mchanga alete blanketi. Peso ziwe za noti ndogo, za 50, 100 na 200, kwa kuwa kondakta wa guagua akipewa noti ya 2,000 hatakuwa na chenji. Kuhusu chakula cha njiani, Mwislamu ajue kwamba nyama ya nguruwe imeenea sana: chicharrón ni nguruwe wa kukaangwa, longaniza ni soseji ambayo kwa kawaida ni ya nguruwe, na sambusa zao ziitwazo empanada zinaweza kuwa na chochote. Swali la kukariri ni ¿tiene cerdo?, yaani kama kina nguruwe. Mangú, ambayo ni ndizi mbichi zilizopondwa, ni chakula ambacho Mhaya au Mganda atakitambua mara moja, ila huletwa mara nyingi ikiwa na salami juu, basi omba iletwe na mayai peke yake. Maji ya bomba yasinywewe.

Kalenda ina siku chache ambazo msafiri wa basi azikwepe au akate tiketi mapema. Wiki Takatifu, ile inayoishia Pasaka, mji mkuu huhama wote kwenda vijijini na ufukweni. Tarehe 21 Januari ni sikukuu ya Bikira wa Altagracia, na mahujaji hujaza magari yote yaendayo Higüey, lilipo kanisa lake kuu. Msimu wa vimbunga huanza 1 Juni hadi 30 Novemba. Kimbunga Fiona kiliipiga pwani ya mashariki tarehe 19 Septemba 2022. Hata mvua isiyo ya kimbunga inaweza kuua: Novemba 18, 2023 ukuta wa njia ya chini kwenye Barabara ya 27 de Febrero, barabara ileile yenye stendi niliyoitaja, uliangukia magari na watu 9 wakafariki. Serikali inapotangaza hali ya tahadhari, ahirisha safari kwa siku moja au mbili.

Chaja za plagi zetu kubwa za pini tatu hazitaingia kule, kwa sababu matundu ni ya pini mbili bapa na umeme ni wa volti 110. Chaja ya simu itafanya kazi kwa adapta, pasi ya nguo ya nyumbani haitafanya. Laini ya simu hununuliwa kwa pasipoti. Na siku ya kuondoka, usitegemee basi la masafa kukufikisha uwanja wa Las Américas asubuhi ileile, kwa sababu uwanja uko nje ya mji kwa upande wa mashariki na mabasi hukushusha mjini. Rudi Santo Domingo siku moja kabla, jaza ile fomu ya kielektroniki ya kutoka, kisha upatane na teksi usiku huo kuhusu saa na bei.