Somo: Sikio la meza ya mashine ya keekee limekatika, tulirudishe kwa brasi

Mashine za keekee (za kutobolea) za kusimama, zile zenye nguzo ya duara na meza ya kupandisha na kushusha, zina ugonjwa mmoja unaofanana karibu kila karakana. Pete ya kasti (chuma cha kumwaga) inayokumbatia nguzo ina mwanya, na kila upande wa mwanya kuna sikio. Bolti ikikazwa, masikio yanasogeleana na meza inabana. Sasa nguzo ikishika kutu au pete ikijaa chenga, meza inateleza hata ukikaza. Mtu anachomeka bomba kwenye spana kuongeza nguvu, na sikio linaanguka chini. Kasti haijui kupinda. Ina kaboni ya asilimia 2 hadi 4, na sehemu kubwa imekaa ndani kama vipande vyembamba vya grafiti. Ufa ukianza hufuata vipande hivyo.

Kwa kazi hii mimi huchagua brasi na gesi, yaani kuyeyushia waya wa brasi kwenye kiungo kwa moto wa gesi, siyo kuchomelea kwa umeme. Brasi huyeyuka karibu nyuzi 900 za Selsiasi, kasti huyeyuka juu ya 1,150. Kwa hiyo hauyeyushi kasti yenyewe, na pembeni ya kiungo hakubaki ukanda mgumu unaopasuka kesho yake. Kiungo kikishika sawasawa, nguvu yake haipungui ile ya kasti. Ubaya wake ni rangi ya njano, na huo unafunikwa na rangi ya mashine.

1. Hakikisha ni kasti. Gusa pembe kwa grenda. Cheche za kasti ni fupi, nyekundu hafifu, zinafia karibu na jiwe. Cheche za chuma cha kawaida ni ndefu na zinang'aa.

2. Safisha, kisha tafuta ufa uliojificha. Kasti ya zamani hunywa mafuta miaka mingi. Osha, kausha, kisha pitisha moto mpaka iache kutoa moshi. Ikipoa, paka mafuta ya taa, futa vizuri, halafu sugua chaki. Penye ufa mafuta yatarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Ufa ukiendelea ndani ya pete, toboa tundu la milimita 3 pale unapoishia, la sivyo utaendelea kutembea.

3. Chonga V. Inamisha kila upande nyuzi 45, lakini acha kama milimita 2 za mvunjiko wenyewe katikati bila kuguswa, maana hizo ndizo zitakazokuonyesha sikio lilikaa wapi. Hapa ndipo wengi wanaharibu kazi: wanamaliza kwa grenda, uso unang'aa, wanaridhika. Jiwe la grenda husambaza grafiti juu ya uso mzima na brasi inakataa kushika. Punguza kwa grenda ukitaka, ila umalizie kwa tupa ya meno makubwa, kisha brashi ya waya safi isiyowahi kugusa mafuta.

4. Funga. Weka bapa lenye unene sawa na mwanya katikati ya masikio na ubane kwa klampu. Tundu la bolti lizibe kwa kijiti cha kaboni cha betri kuukuu ya tochi. Brasi haishiki kaboni.

5. Pasha pete nzima, siyo sikio peke yake. Ukipasha upande mmoja, upande huo unatanuka na ule wa baridi unapasuka. Iweke juu ya jiko la mkaa, igeuzegeuze taratibu, mpaka njiti kavu ya mti ukiigusisha inakuwa nyeusi papo hapo. Ndipo uwashe tochi ya gesi, moto uwe na oksijeni iliyozidi kidogo sana, na upashe kiungo mpaka kiwe chekundu cha giza. Chovya waya wa brasi kwenye boraksi (unga wa kusaidia brasi kushika), gusa. Kwanza paka tabaka jembamba kwenye V yote, ndipo ujaze. Brasi ikitandaa kama maji kwenye kioo, uko sawa. Ikijikusanya vidonge, uso ni mchafu au wa baridi. Ikichemka na kutoa moshi mweupe, umezidisha moto na zinki inaungua. Moshi huo unaleta homa na baridi ya mwili, kwa hiyo fanyia kazi penye upepo.

6. Fukia. Mara moja, ikiwa bado moto, izike kwenye majivu makavu au chokaa kavu mpaka kesho. Usichungulie.

7. Maliza. Toboa tundu upya bila mafuta, pima pete kwenye nguzo, toa kutu ya nguzo na ulainishe kwa mafuta mepesi. Badilisha bolti, na lile bomba liondoke karakana.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanza: Mkuu, ahsante kwa somo. Kwangu kuna mashine ya welding ya umeme tu. Vijiti vya kawaida vya 6013 haviwezi?

Vinashika, halafu vinakuaibisha. Kaboni ya kasti inaingia kwenye chuma kinachoyeyuka, kinakuwa kigumu hata keekee haiingii, na ufa unatokea kando ya mshono. Tafuta vijiti vya nikeli. Vinauzwa hata kimoja kimoja. Choma sentimita 2 au 3 tu, gongagonga kwa nyundo ya kichwa cha duara mshono ukiwa wa moto, kisha subiri mpaka mkono uweze kutulia juu yake. Ukikosa uvumilivu huo, usianze.

Morogoro: Fundi, nilichoma, ikiwa inapoa nikasikia "tik". Kwa macho sioni kitu.

Rudia mafuta ya taa na chaki, angalia kando ya mshono kuliko juu yake. Karibu hakika imepasuka. Toa yote, uanze hatua ya 3.

Kariobangi, Nairobi: Hapa kwetu wapo wa kumwaga aluminiamu kwenye mchanga. Si afadhali nimwage pete nzima mpya?

Kwa mashine ndogo ya mezani inafaa, ongeza unene tu. Gundisha pete ya zamani uitumie kama kiolezo, lakini kumbuka aluminiamu hupungua kama asilimia 1.3 ikipoa, kasti kama 1. Kwa hiyo ongeza unene kwa gundi ya bodi za magari, na ndani ya tundu acha milimita 3 za kukereza. Mwanya usiumwage, ukate kwa msumeno baada ya kukereza.

Tanga: Sina gesi wala nikeli, shikamoo.

Marahaba. Kata mabaki ya sikio yawe bapa, chonga sikio jipya la chuma cha kawaida, ulifunge kwenye pete kwa bolti mbili na pini mbili za kubana. Halihitaji moto hata kidogo. Kama ukuta wa pete ni mwembamba kuliko milimita 12, usijaribu hiyo. Kereza pete nzima kutoka bomba nene.