Kabla ya kuandika wasia, tafuta mashahidi

Nina meza ya kuchapa barua karibu na mahakama hapa Arua, Uganda, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Kila mara huja mtu na daftari lake la shule akisema, "Mama, nichapie wasia huu." Kabla sijagusa kompyuta, namuuliza: mashahidi wako ni nani?

Nauliza kwa sababu ya baba yangu mdogo. Aliandika wasia kwa mkono wake, kurasa tatu, mwandiko wa kusomeka vizuri. Mashahidi walikuwa jirani yake na baba mkubwa, na huyo baba mkubwa ndiye aliyeachiwa kiwanja chenye miembe miwili. Baba mdogo alipofariki, tukaambiwa mahakamani kwamba wasia ni halali, ila kiwanja hakiwezi kumwendea baba mkubwa. Sheria ya Urithi ya Uganda inabatilisha zawadi aliyopewa shahidi, au mke wa shahidi, au mume wake. Mzee alisimama ameshika kofia, akaniuliza mara mbili, "Kwa hiyo kusaini kwangu ndiko kumeninyima?" Nilishindwa kumjibu. Mpaka leo hasemezani na watoto wa marehemu.

Basi tafuta watu wazima wawili au zaidi ambao hawapati hata kuku katika mali yako. Kaeni pamoja. Saini wakikuona, kisha nao wasaini mbele yako. Kama hujui kuandika, weka dole gumba. Mimi huwaambia wateja wasaini kila ukurasa, na mashahidi waandike majina na mahali wanapokaa. Tabia ya kuipeleka karatasi nyumba hadi nyumba mtu asaini peke yake ndiyo inayoleta kesi. Muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, unasaidia, lakini hauchukui nafasi ya mashahidi.

Halafu, gawa kilicho chako tu. Huku kwetu ardhi nyingi ni ya kimila, ya ukoo, na huwezi kumwandikia mwanao shamba ambalo wajomba na ndugu wote wanalitegemea. Kilicho chako kitaje kwa mipaka: kinapakana na nani upande wa mto, na nani upande wa barabara. "Shamba langu la kule" si maelezo.

Taja watoto wote, na wa nje ya ndoa pia. Najua inauma kuliandika jina hilo mbele ya mke wako, lakini mtoto huyo ana haki mbele ya sheria, na ni heri mama wa nyumba alisikie kwako kuliko kwenye matanga. Ukimwacha mke, mume au mtoto anayekutegemea bila kitu, anaweza kwenda mahakamani, na mahakama ikaamuru apewe fungu la kumtosha.

Ukifa bila wasia, sheria ndiyo inayogawa. Tangu marekebisho ya 2022, asilimia 20 ni ya mjane au mgane, 75 ya watoto, 4 ya jamaa waliokutegemea, na 1 ya mrithi wa kimila. Nyumba mliyokuwa mkiishi inalindwa kwa ajili ya mjane na watoto, na kuwafukuza humo ni kosa la jinai. Shemeji wanaokuja na kufuli siku ya tatu wajue hilo.

Ukioa au kuolewa baada ya kuandika, andika wasia mwingine, maana ndoa mpya huutangua ule wa zamani. Usikate neno kwa kalamu na kuandika jingine juu yake. Badiliko bila saini yako na za mashahidi halina nguvu.

Mtaje msimamizi wa mirathi kwa jina. Aliyetajwa kwenye wasia hahitaji barua ya kutopingwa, yaani ya kusema ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Serikali haina pingamizi yeye kusimamia mali, barua ambayo ndugu wengine huifuatilia kwa muda mrefu. Akishakubaliwa na mahakama, ana miezi 6 kuorodhesha mali yote.

Na mwambie umeuweka wapi. Wasia wa mteja wangu mmoja ulionekana ndani ya gunia la simsim miezi minane baada ya mazishi, shamba likiwa limeshauzwa.