Kabla hujatoka kwenda kibaruani jua la kaskazi

Wenzangu wa mjengo, mkokoteni, boda na nyinyi mnaoshusha mizigo soko la Kongowea, kuanzia Januari hadi Machi kujipanga na jua kunaanza usiku, si ile saa ushapanda juu ya mabati. Hapa Mombasa joto laweza kuwa 32 ama 33 tu lakini hewa ina unyevu wa bahari, jasho latoka halikauki, lakugandisha shati mgongoni basi, na jasho lisipokauka mwili haupoi.

Kunywa maji kabla ya kulala na asubuhi tena. Beba yako, jerikeni ya lita 5 izungushie gunia lililorowa yakae baridi, unywe kikombe kila dakika 15 ama 20 hata kama huna kiu, manake kiu ikija ushachelewa. Ukienda haja ndogo tazama rangi, ikifanana na chai ya rangi bado hujanywa. Lakini usishindilie lita tatu kwa mpigo. Siku ya jasho jingi tia sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko kwa lita 1 ya maji safi, visawazishe vijiko visijae kilima. Muguka, yale majani ya kutafuna, nawaomba muyaache hizo saa za jua, yakuzuia kuskia uchovu na njaa ilhali mwili ushaishiwa. Shati la pamba mikono mirefu, kofia pana. Kazi nzito iishe kabla ya saa tano, na anayefunga Ramadhani aombe zamu ya alfajiri mapema, asingoje siku yenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni wageni. Mtu katoka bara jana, ama alikuwa likizo mwezi mzima, leo apewa kazi sawa na sisi. Siku ya kwanza afanye kama asilimia 20 tu halafu aongeze kidogo kidogo, mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea. Tulikuwa twaezeka Bombolulu, kijana siku yake ya pili, namwambia nipe misumari akanivulia kiatu akaninyooshea, tukacheka tukidhani ni mzaha, dakika chache mbele akaanguka. Kumbe kuchanganyikiwa ndio dalili yenyewe ya mwili kuzidiwa na joto, na mtu aweza kuwa bado atoka jasho. Tulimtia kivulini, tukamvua shati, tukammwagia maji mwili mzima na kumpepea kwa katoni, leso mbichi shingoni, kwapani na kwenye mapaja. Asiyejitambua usimtie maji mdomoni, atapaliwa, na usingoje aamke ndio umpeleke hospitali.

Alipona, lakini tulipoteza muda tukitafuta gari. Kwa hivyo sasa kabla hatujashika nyundo twagawana wawili wawili kila mtu na wa kumtazama, na namba ya mwenye tuktuk aliye karibu yaandikwa kwa chaki pale mlangoni.