Jinsengi haioti Tabora. Pesa hiyo ipeleke kwenye tangawizi

Mkulima wa Tabora au Kigoma anayeuliza kama anaweza kulima jinsengi, mmea ambao mzizi wake hutumika kama dawa, apewe jibu mapema: kwa hali ya hewa yetu, shambani haiwezekani. Sababu zenyewe ni hizi, ili anayekuja na pakiti ya mbegu asikupate.

Jinsengi yenyewe, Panax ginseng, asili yake ni misitu ya milimani ya Korea, kaskazini-mashariki mwa China na mashariki ya mbali ya Urusi. Ndugu yake, Panax quinquefolius, ni wa Amerika Kaskazini. Yote miwili hulala kipindi cha baridi: majani hufa, mzizi hubaki ardhini mpaka joto lirudi. Bila miezi kadhaa ya baridi kali, mzizi hauamki vizuri. Tabora mjini ipo mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, lakini baridi yetu ya Juni na Julai ni ya sweta la asubuhi tu. Saa tano jua limeshawaka.

Mbegu ndiyo mtego mkubwa. Inapochumwa, kiini chake bado kichanga. Huwekwa kwenye mchanga wenye unyevu mpaka miezi 18 hivi, ipite joto kisha baridi, ndipo iote. Ikikauka imekufa. Kwa hiyo zile mbegu kavu zinazonadiwa kwenye simu ni za kutupa, hata ukizimwagilia mwaka mzima. Hata huko kwao mkulima husubiri miaka 4 hadi 6 chini ya kivuli kizito, na akishavuna, shamba hilo halikubali tena jinsengi kwa miaka mingi. Muulize muuzaji lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na kama mbegu imetoka nje, kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Utaona anavyobadilisha mada.

Jina nalo linachanganya watu. Jinsengi “ya India”, “ya Siberia” au “ya Brazili” ni mimea mingine kabisa. Ile ya India ni ya ukoo wa nyanya na mnavu. Na anayemeza dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda asinywe jinsengi ya aina yoyote kabla ya kumwona daktari.

Ukitaka kitu cha kufukua na kuuza, tangawizi ipo, na miinuko ya Buhigwe na Kasulu, mkoani Kigoma, imeshaizoea. Chagua tunguu (sehemu nene ya chini ya ardhi) nono lisilo na makunyanzi wala sehemu laini. Likate vipande vya gramu 30 hadi 60, kila kimoja kiwe na jicho (panapochipua) moja au mawili, uviache kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke. Panda mvua zinapoanza, kwenye tuta lililoinuka, kina cha sentimita 5, nafasi ya sentimita 30 kwa 20. Funika kwa nyasi siku hiyo hiyo.

Adui mkubwa ni mnyauko bakteria. Mkulima wa tumbaku asikilize hapa: bakteria hao ni wa kundi lile lile linalonyausha tumbaku, nyanya, bilinganya na viazi mviringo. Shamba lililotoka tumbaku lipite kwanza mahindi au mtama, misimu mitatu hivi. Ukiona majani yanajikunja na kugeuka njano kuanzia chini ilhali udongo una unyevu, kata shina karibu na ardhi, ulining'inize kwenye glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache, uzi mweupe kama maziwa ukishuka majini, ni bakteria. Ng'oa shina hilo na yanayolizunguka, choma, na jembe lioshwe kabla halijagusa tuta jingine.

Kwa Tabora kuna suala la maji. Mvua hukatika Aprili au mapema Mei, na tangawizi hukaa shambani miezi 8 hadi 10. Anza na matuta machache karibu na kisima au pembeni mwa bonde, pasipotuama maji, maana maji yakisimama tunguu huoza.

Majani yakishakauka, fukua kwa uma wa shamba usije ukayakata matunguu. Tenga ya mbegu kabla mnunuzi hajafika. Akifika yeye, yale manono ndiyo atakayoanza nayo.