Somo: derivativi ya sini, kosini na tanjenti, kwa wa kidato cha tano

Wengi mmekariri kwamba derivativi (yaani kasi ya kubadilika) ya sini ni kosini. Kukariri si kosa, ila swali likigeuzwa kidogo unabaki mikono mitupu. Kwa hiyo leo tuanzie baharini.

Simama pale kivuko cha Magogoni, Dar es Salaam, maji yakijaa. Bahari hupanda na kupwa karibu kama grafu ya sini. Kutoka kujaa hadi kujaa tena hupita muda wa saa 12 na dakika 25 hivi. Yakifika kileleni maji hutulia, kasi yake ni sifuri. Mbio zake ziko katikati. Chora grafu ya kasi hiyo, utaiona kosini mbele yako.

Sasa hesabu yenyewe.

Hatua ya 1: andika [sin(x+h) − sin x] ÷ h, yaani sini inabadilika kiasi gani x ikiongezeka kwa h ndogo, ukigawa kwa h.

Hatua ya 2: fungua sin(x+h) iwe sin x cos h + cos x sin h.

Hatua ya 3: kusanya. Utapata sin x · (cos h − 1)/h + cos x · (sin h)/h.

Hatua ya 4: sogeza h karibu na sifuri. Ya kwanza, (cos h − 1)/h, inaelekea 0. Ya pili, (sin h)/h, inaelekea 1. Usiniamini hivi hivi, shika kikokotoo kikiwa kwenye radiani (kipimo cha pembe ambacho digrii 180 ni π): h ikiwa 0.1 unapata 0.99833, ikiwa 0.01 unapata 0.99998. Kinachobaki ni cos x.

Kosini ni njia ile ile, jibu −sin x. Hasi inatokana na kwamba kosini ikianzia x = 0 inashuka. Tanjenti ni sin x ÷ cos x: kwa kanuni ya mgawanyo (ya derivativi ya sehemu), kiasi, yaani namba ya juu, kinakuwa cos²x + sin²x, yaani 1, na asili, ya chini, cos²x. Jibu: 1/cos²x.

MASWALI

Mwanafunzi, Mbagala: Shikamoo mwalimu. Mimi (sin h)/h inanipa 0.01745 kila nikijaribu.

Marahaba. Kikokotoo chako kiko kwenye digrii. Hiyo namba ni π/180, na ukibaki kwenye digrii utaibeba katika kila derivativi. Ndiyo maana tunang'ang'ania radiani.

Mwanafunzi, Temeke: Sin 3x nayo inakuwa cos 3x?

Hapana, ni 3 cos 3x. Fikiria maji yajae mara 3 ndani ya muda ule ule, kimo kile kile. Si lazima yapande kwa kasi mara 3?

Mwanafunzi, Temeke: Kwa hiyo cos 2x ni −2 sin 2x.

Naam, hapo umeipata.