Kufufua Land Rover 109: spea sahihi huanza na namba

Usinunue hata sili moja kabla hujajua Land Rover uliyonayo ni ipi. Huku kwetu, kuanzia Mafinga hadi Tunduma, 109 nyingi (namba hiyo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) zimepita kwenye mashamba ya chai, misheni, halmashauri na kwa wafanyabiashara wa mbao, na kila aliyeimiliki aliifungia alichokipata. Bodi ni ya Series III, giaboksi imetoka kwenye IIA, toleo lililotangulia, ekseli ya nyuma haijulikani ilikotoka. Ukifika dukani ukasema tu "nipe klachi ya 109", utarudi na kitu kisichoingia.

Ufundi nilijifunzia kwenye karakana ya shamba la chai Mufindi, kwa mzee ambaye hakumruhusu kijana ashike spana mpaka asome namba kwa sauti. Vijana wangu nawafundisha hivyohivyo.

Anza na chesisi. Namba yake imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikwa. Sugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka isomeke, kisha linganisha na kibati kilicho ndani ya kabini na kadi ya gari. Zisipooana, acha spana chini umalize kwanza mambo ya karatasi. Ni uchungu kumwaga fedha kwenye gari ambalo huwezi kulisimamia kihalali. Kwa Series III zilizotoka kabla ya mwisho wa 1979, tarakimu tatu za mwanzo zinasema mengi: 912 ni 109 ya petroli yenye usukani wa kulia iliyoundwa kuuzwa nje ya Uingereza, 917 ni ndugu yake ya dizeli. Herufi ya mwisho inaonyesha mabadiliko yaliyofanywa na kiwanda, na mara nyingi ndiyo inayoamua spea ipi inaingia. Wengi huiruka.

Halafu soma namba ya injini, ubavuni mwa bloku upande wa manifoldi ya ekzosi, na ya giaboksi. Series III ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, kuanzia 1971 hadi 1985, na giaboksi yake ina sinkro (inayofanya gia iingie bila kukwaruza) kwenye gia zote nne za mbele. Kwenye IIA gia ya kwanza na ya pili hazina. Injini ya silinda nne, ya petroli na ya dizeli, zote zina ujazo wa sisi (cc) 2286. Lakini hadi 1980 krenki ilikaa kwenye beringi kuu tatu, baada ya hapo tano, na krenki ya moja haikai kwenye bloku ya nyingine. Kwenye ekseli ya nyuma, inama uangalie difu: ikiwa na kifuniko cha bati kilichofungwa kwa bolti upande wa nyuma, hiyo ni ekseli ya aina ya Salisbury. Ile nyingine, ya Rover, difu lake huchomolewa kwa mbele. Sili zake ni tofauti, beringi zake ni tofauti. Andika yote kwenye daftari moja la gari hilo, na daftari liende nawe dukani.

Sasa kutu. Bodi ya Land Rover ni ya Birmabright, aloi ya alumini, kwa kuwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza chuma kilitolewa kwa mgao. Ndiyo maana gari linaweza kung'aa huku chesisi imekwisha. Gari lililoishi Rungwe, kwa mvua ile na udongo ule mwekundu, hulikagui kwa macho. Chukua nyundo ndogo ugonge kila hatua: boriti ya nyuma, mikono inayobeba ukuta ulio kati ya injini na dereva, na masikio ya springi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na nyundo huweza kuzama. Ukuta huo nao ni wa chuma, na huoza miguuni pa dereva na kwenye kona za nguzo za milango. Kata mpaka ufike kwenye chuma safi, chomelea bati la unene uleule, na kabla ya kukata chochote pima pembe hadi pembe uandike, maana chesisi iliyopinda kwenye kuchomelewa hainyooki kwa maneno. Puti juu ya kutu ni wizi kwa mnunuzi anayefuata. Pale alumini inapokutana na chuma weka rangi nzuri au mpira katikati, kwa sababu vyuma hivyo viwili vikishikana na unyevu, alumini huliwa ikawa unga mweupe.

Kwenye injini nina neno moja la watu wa nyanda za juu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu kwa kila mita mia unazopanda. Kwa hiyo gari likichoka kwenye zile kona 57 za kutoka Chimala kwenda Matamba, usikimbilie kuagiza pistoni. Pima kompresheni, na usishtuke namba zikiwa chini ya zile za kitabu, maana hewa yenyewe ni nyepesi. Linganisha silinda kwa silinda. Zikikaribiana, angalia kwanza tapeti (inchi 0.010, za kuingiza na za kutoa), pointi, na kabureta. Kabureta ya Zenith iliyowahi kupata joto kali hupinda uso wake, ikanyonya mafuta pasipo mpango. Isawazishe kwenye kioo kwa msasa laini na ubadilishe oringi yake.

Spea zenyewe zina mahali pake. Beringi, sili na krosi za propela nyingi si lazima uzitafute kwa jina la Land Rover. Beringi ya Timken ina namba yake pembeni. Ifute, isome, ipeleke kwenye duka la beringi Mwanjelwa hapa Mbeya au Iringa mjini, na mara nyingi ipo kwa sababu inatumika pia kwenye trela au trekta. Sili ipime kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Krosi ipime kikombe na urefu. Vitu vya Land Rover tupu, kama gia, tufe la usukani la kromu, au masta silinda, vitafute Dar es Salaam au Arusha ambako magari haya yamebeba watalii miaka mingi, au uagize Uingereza. Huko bado wanatengeneza hata chesisi nzima mpya iliyochovywa kwenye zinki.

Muuzaji mtajie namba ya kiwanda kutoka kwenye kitabu cha vipuri, siyo jina la kitu. Namba za zamani ni tarakimu sita, za baadaye hutanguliwa na herufi kama RTC. Akikuletea namba tofauti, huenda ni namba mpya iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, basi muombe akuonyeshe hilo kwa maandishi. Spea ya mtumba iliyotoka kiwandani, ikiwa haijalika, mimi naipenda kuliko mpya isiyo na jina. Kwa hiyo usitupe ulichokifungua mpaka kipya kimefungwa na kimefanya kazi. Wanaotaka kuweka injini ya Toyota siwagombezi, shamba linahitaji gari linalotembea. Ila usikate mikono ya injini ya asili, na injini uliyotoa ipake grisi uifunike.

Nati nazo zisikudanganye. Utakutana na BSF na UNF, aina mbili tofauti za nyuzi, kwenye gari moja, na nati ya UNF ikilazimishwa kwenye bolti ya BSF itaingia mizunguko miwili kisha iue nyuzi. Iingie kwa vidole kwanza.

Breki ndipo sikubali ubahili. 109 hutumia ngoma za inchi 11, na 88, ndugu yake fupi, nyingi ni inchi 10. Pima upana wa viatu pia. Vumbi la viatu vya zamani huwa na asbesto, kwa hiyo lilowanishe kwa maji, usilipulize kwa kompresa. Mpira wa mfumo huu hufa ukiguswa na mafuta ya injini, hivyo safisha kwa maji ya breki tu, na mipira yote ibadilishe kwa pamoja hata kama mmoja unaonekana mzima.

Gari likishatembea, ukaenda kama Makambako na kurudi, liache lipoe, kaza upya nati za magurudumu na yubolti za springi, kagua mafuta kwenye matufe ya mbele, na upime tapeti tena.